Gesi Inayokataa Kuzunguka

Hotuba hii niliitoa jioni moja mjini Malindi, mbele ya wanafunzi wa shule za upili, walimu wao na wazee waliokuja kusikiliza. Nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Nimepunguza tu pale nilipojirudia, na nilijirudia sana.

Wazee wetu, walimu wenzangu, wanangu wanafunzi: salaam aleikum. Na kwa wote kwa jumla, hamjambo?

Ndoo hii mliyoniona nikiingia nayo si ya kupigia deki. Mlinzi pale mlangoni alinielekeza chooni, akidhani nimekuja kurekebisha bomba. Ina maji robo tatu, na huu ni mwiko wa pilau wa nyumbani kwangu, ambao nimeapa utarudi kabla ya Ijumaa. Nyinyi wawili wa mbele, sogeeni. Usiogope maji, binti, yatakauka.

Nakoroga. Tazameni mwiko unavyoyasukuma maji yaliyo karibu nao, nayo yanawaburuta jirani zao, na jirani wanawaburuta wengine, mpaka yote yanakwenda mkondo mmoja. Katikati yamebonyea, kando yamepanda. Sasa natoa mwiko na kutupia majani makavu ya chai juu. Ukiacha yale yanayojikwaruza kwenye ukuta wa ndoo, jani lililo mbali na katikati linakwenda mbio, na lililo karibu na katikati linajizungukia taratibu kama mzee anayetafuta miwani. Ni kama jiwe la kusagia: ukingo una safari ndefu, kitovu kina safari fupi, na vyote vinamaliza mzunguko kwa wakati mmoja.

Shikeni picha hiyo: kando mbio, katikati polepole. Nimekuja kuwaeleza habari za kitu kinachokataa kabisa kuzunguka hivyo.

Kitu chenyewe ni gesi. Tena ni gesi nyembamba mno. Hewa tunayovuta humu ukumbini imesongamana kuliko gesi hiyo mara laki moja na zaidi. Wingu lake zima lina atomu milioni moja hivi, na upana wake haufiki hata nusu ya punje ya mchele. Linaelea ndani ya chupa isiyo na hewa, limeshikiliwa na sumaku au mwanga wa leza, halijagusa ukuta wowote. Lingegusa ukuta lingekufa hapo hapo, maana ukuta ni moto. Nikisema moto nina maana ya joto la kawaida la chumba. Wingu lenyewe lina joto la sehemu kama mia moja za bilioni ya digrii moja juu ya sifuri halisi, ile nyuzi 273 chini ya barafu ambayo chini yake hakuna njia. Anga tupu kati ya nyota, tunayoiona kuwa ndiyo mwisho wa baridi, ina karibu digrii 3 juu ya sifuri hiyo. Mbele ya wingu hili anga ni tanuri.

Habari hii ilianzia Dhaka mwaka 1924. Mwalimu wa chuo kikuu huko, Satyendra Nath Bose, aliandika makala fupi kuhusu namna ya kuhesabu chembe za mwanga, akampelekea Albert Einstein. Einstein aliitafsiri kwa Kijerumani mwenyewe ili ichapishwe, kisha akaisogeza hesabu ile kwenye atomu. Akaona jambo la ajabu: gesi ya atomu za aina fulani, ikipozwa vya kutosha, atomu zake zinaacha kuwa umati wa watu wanaopigana vikumbo sokoni na kuwa wimbi moja. Jambo hilo lilikaa kwenye karatasi miaka 70. Tarehe 5 Juni 1995, mjini Boulder, Colorado, Eric Cornell na Carl Wieman walilipata kwa atomu kama 2,000 za rubidiamu. Miezi michache baadaye Wolfgang Ketterle wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, akalipata kwa sodiamu. Mwaka 2001 wote watatu wakapewa Nobeli.

Waliipozaje? Hapa wazee mnajua kuliko vijana, kwa sababu nyinyi mmekunywa maji ya mtungi. Mtungi wa udongo hauna umeme wala gesi ya friji, lakini maji yake ya saa nane mchana yanakata kiu. Udongo unapitisha maji kidogo kidogo hadi nje, na huko nje zile chembe za maji zenye mbio zaidi ndizo zinazoruka kuwa mvuke. Kila inayoruka inaondoka na zaidi ya fungu lake la joto. Wanaobaki ni wapole, na mtungi unapoa.

Maabara zinafanya hivyo hivyo. Kwanza wanazipunguza kasi atomu kwa kuzipiga leza kutoka pande zote sita, juu, chini na ubavuni, na hiyo peke yake ilileta Nobeli ya 1997. Kisha wanazitia kwenye mtego wa sumaku, na kwa mawimbi ya redio wanaushusha ukingo wa mtego taratibu. Atomu zenye joto jingi zinaruka nje, zinazobaki zinagongana na kugawana upya joto dogo lililobaki, halafu ukingo unashushwa tena. Atomu nyingi sana zinapotea njiani ili hizo chache zifike. Mimi huwa nafurahi kwamba chombo cha baridi kuliko vyote duniani, ukikiangalia vizuri, ni mtungi.

Sasa tunalo wimbi letu moja. Tulikoroge.

Mwiko wa pilau haufai, kwa hiyo Jean Dalibard na wenzake mjini Paris walitumia mwiko wa mwanga: mshale wa leza uliokuwa ukizunguka kando ya wingu la rubidiamu. Matokeo waliyachapisha mwanzoni mwa mwaka 2000. Walikoroga polepole, wingu likayumba umbo kidogo, lakini halikuzunguka. Haikuwa kama ndoo, ambayo hata ukiikoroga kwa kidole kimoja inakupa mzunguko mdogo kwa juhudi ndogo. Wakaongeza kasi, bado. Wakaongeza tena, na walipovuka kasi fulani, katikati ya wingu pakatokea tundu moja. Kuongeza zaidi kukaleta matundu mawili, kisha matatu, kisha manne. Tundu na nusu halikuonekana.

Mwaka mmoja kabla yao, 1999, wale wa Boulder walikuwa wameshatengeneza tundu la kwanza kabisa kwa njia nyingine. Ila mimi nalipenda zaidi jaribio la Paris, kwa sababu ni kukoroga, na kukoroga kila mtu anakujua.

Kwa nini matundu, na kwa nini kwa hesabu kamili? Mzee wangu hapo mbele, naomba kofia yako. Ahsante, nitairudisha pamoja na mwiko.

Hii imeshonwa kwa mkono. Mshonaji alianza hapa pembeni, akashona ua moja, la pili, la tatu, akaizunguka kofia mpaka akarudi alipoanzia. Maua yanaweza kuwa kumi, au kumi na moja, au kumi na mawili. Kumi na nusu hayawezekani. Pale yanapokutana, nusu ua litagombana na ua zima, na mnunuzi ataona kasoro hata kabla ya kuuliza bei. Ndiyo maana fundi anahesabu kabla ya kutia sindano.

Wimbi la gesi yetu ndiyo kofia. Ukilifuata kuzunguka duara mpaka urudi ulipoanzia, lazima lijikute lilivyokuwa. Basi idadi ya mawimbi kwenye duara ni sifuri, moja, mbili, na kuendelea. Katika fizikia ya kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo kama atomu, mawimbi yakiwa yamebanana zaidi, atomu zinakwenda kwa kasi zaidi. Kwa hiyo ukizidisha kasi kwa urefu wa duara, hupati namba yoyote utakayo. Unapata sifuri, au kipimo kimoja, au viwili. Kipimo hicho ni namba ya Planck, namba ndogo isiyobadilika ya fizikia ya kwanta, gawanya kwa uzito wa atomu moja. Lars Onsager aliligusia hili mwaka 1949 na Richard Feynman akalifafanua mwaka 1955. Wote wawili walikuwa wakizungumzia heliamu iliyopozwa ikawa kimiminika, ambayo chini ya digrii 2.17 juu ya sifuri halisi inatiririka bila msuguano.

Kwa atomu za sodiamu, kipimo hicho kinasema hivi: ukiwa mikroni 10 kutoka katikati ya tundu, yaani sehemu ndogo ya unene wa unywele, atomu zinakwenda zaidi kidogo ya robo milimita kwa sekunde. Nenda mbali mara mbili, kasi inakuwa nusu. Sogea karibu mara mbili, kasi inakuwa maradufu. Mmeona? Katikati mbio, kando polepole, kinyume cha ndoo. Na ukizidi kukaribia kitovu, kasi inadai kupanda bila kikomo, jambo ambalo atomu haziwezi kulilipia, basi zinapahama. Tundu ni mahali palipohamwa.

Mmewahi kukiona kitu cha namna hiyo. Wakati wa kiangazi, uwanjani, kile kisulisuli cha vumbi kinachoinua mifuko ya plastiki kina mbio nyingi karibu na kitovu kuliko pembeni. Kwa hiyo matundu haya nitayaita visulisuli, ingawa kisulisuli cha uwanjani kinaweza kuwa na nguvu yoyote kitakayo, na hivi vya gesi vyote ni vya kipimo kimoja, kama shilingi.

Mwaka 2001 kundi la Ketterle lilikoroga sodiamu kwa nguvu na kupata visulisuli zaidi ya 100 ndani ya wingu moja. Na vilikuwa vimejipanga! Vyote vinazunguka upande mmoja, kwa hiyo vinasukumana, kila kimoja kikitaka nafasi yake, mpaka vinatulia kama machungwa kwenye sinia ya muuzaji: kila chungwa limezungukwa na machungwa sita.

Nawaomba mkae kidogo na picha hiyo, kwa maana ndani yake kuna mzaha. Gesi ilikataa kuzunguka kama maji ya ndoo. Lakini ukishatia visulisuli mia, vimesambaa sawasawa, na ukirudi nyuma usione tundu moja moja, mtiririko wa jumla unakuwaje? Kando mbio, katikati polepole. Wingu hata linatanuka kiunoni kama maji yanavyopanda kwenye ukuta wa ndoo. Kwa mbali huwezi kulitofautisha na ndoo yangu. Ukaidi wake wote umo katika hesabu: linazunguka, ila kwa malipo ya shilingi nzima nzima.

Swali ambalo mwalimu mmoja aliniuliza nje: hivyo visulisuli vinaonekanaje, ikiwa tundu ni dogo kuliko urefu wa wimbi la mwanga? Hakika, ndani ya mtego hayaonekani vizuri. Wanachofanya ni kuuzima mtego ghafla. Wingu linaanguka, na huku likianguka linatanuka, na matundu yanatanuka nalo. Baada ya muda mfupi, chini ya kufumba na kufumbua, wanapitisha mwanga na kupiga picha ya kivuli. Wingu ndilo kivuli, matundu ni nuru. Na baada ya picha, wingu hakuna tena. Kila picha nzuri mtakayoiona kwenye vitabu ni picha ya maiti. Ukitaka ya pili, anza upya kwenye leza.

Kwa nini watu wahangaike hivyo? Kwa sababu kisulisuli kimekuwa cheti. Atomu kama sodiamu zinapenda kuungana katika wimbi moja. Lakini kuna kabila jingine la chembe, lenye elektroni, protoni na neutroni, ambazo mbili hazikai kamwe kwenye hali moja. Atomu ya lithiamu yenye uzito wa 6 ni ya kabila hilo. Ili zitiririke bila msuguano ni lazima kwanza zishikane mbili mbili. Kulikuwa na dalili kwamba zimefanya hivyo, na kulikuwa na ubishi. Mwaka 2005 kundi la MIT, akiwemo Martin Zwierlein, lilizikoroga. Visulisuli vikatokea vimejipanga kama machungwa, na ubishi ukaisha. Kama hujui gesi yako ni ya aina gani, izungushe.

Zwierlein huyo ndiye aliyenifanya niandae hotuba hii, kwa jambo alilolifanya baadaye. Ila kulieleza lazima nipite baharini.

Wavuvi waliomo humu mnaujua upepo wa kusi. Unatufikia kutoka kusini-mashariki. Lakini ukishavuka ikweta hauendelei na njia yake, unapinda kuume, na huko mbele unavuma kutoka kusini-magharibi kuelekea Oman na Bara Hindi. Manahodha walitia chombo juu ya mpindo huo miaka mingi kabla ya mtu kuuandikia hesabu. Upepo haukusukumwa na mkono wowote. Dunia inazunguka chini yake, na sisi tunaozunguka na dunia tunauona umepinda. Mpindo huo tunauhesabu kama kani, na tunaiita kwa jina la Mfaransa Coriolis. Na ndugu zangu wa Nanyuki msinikasirikie: kani hii inapinda pepo za bahari nzima, lakini yale maonyesho ya maji kwenye karai, hatua chache upande huu wa ikweta na hatua chache upande ule, si kazi yake. Hapo ni mkono wa mmwagaji.

Tabia ya kani ya Coriolis ni kusukuma ubavuni, na kuzidi kadiri unavyokwenda mbio. Wanafunzi wa kidato cha nne, ni kani gani nyingine yenye tabia hiyo? Ndiyo, sumaku ikisukuma chaji inayokwenda. Hesabu zake ni zile zile. Kwa hiyo atomu isiyo na chaji, ukiizungusha, inajiona kama elektroni iliyo ndani ya sumaku kali.

Kuna kikwazo kimoja. Ukizungusha, kuna pia ile kani ya kutupa nje. Zungusha kwa kasi inayolingana sawasawa na nguvu ya mtego, mtego na kutupwa nje vinafutana, na kinachobaki ni Coriolis peke yake. Zwierlein na wenzake walichukua atomu za sodiamu kama milioni moja, zenye joto la sehemu 100 hivi za bilioni ya digrii, na mtego uliobanwa kidogo ubavuni, wakauzungusha karibu mara 100 kwa sekunde. Wingu likarefuka na kukonda mpaka likawa sindano, nyembamba kadiri fizikia ya kwanta inavyoruhusu. Hilo lilitangazwa 2021. Wakaiacha sindano iendelee kuzunguka. Ikaanza kuwa na mawimbi ubavuni kama nyoka, kisha ikakatika vipande vidogo vilivyopangana kwa nafasi sawa, kama shanga kwenye uzi. Hilo likachapishwa 2022. Waandishi wa habari waliziita tufani za kwanta, nami naona chumvi ilizidi. Ajabu yenyewe ni kwamba mtego ulikuwa umefutwa, hapakuwa na kitu cha kulipanga wingu ila mzunguko na kusukumana kwa atomu zenyewe, na likajipanga. Mwaka 2024 wakaongeza ukuta wa mwanga kuzunguka wingu, na atomu zikatiririka kando ya ukuta huo upande mmoja tu. Wakaziwekea kizuizi njiani. Zikakipita bila kurudi nyuma hata moja.

Sasa nimalizie na kitu kilicho karibu na nyumbani. Wale wa Ngomeni mnaijua minara inayosimama baharini, San Marco ya Waitaliano. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, kutoka pale iliruka setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa ajili ya kuangalia anga kwa miali ya eksirei. Kwa sababu ya siku hiyo iliitwa Uhuru. Katika mambo ya kwanza iliyoyaona ni chanzo kimoja angani, Cen X-3, kinachopiga kila baada ya sekunde 4.8. Ni nyota ya neutroni inayozunguka, inayonyonya gesi ya nyota mwenzake.

Nyota ya neutroni ina uzito kuliko jua letu, na upana wa kilomita 20 hivi, karibu kama kutoka hapa hadi Watamu. Neutroni ni za lile kabila lisilokaa wawili pamoja, kabila la lithiamu. Wataalamu wanaamini kwamba ndani ya nyota neutroni zimeshikana mbili mbili na zinatiririka bila msuguano. Na nyota inazunguka. Mnajua sasa kitu cha namna hiyo kikizungushwa kinafanya nini.

Kuna nyota nyingine kama hiyo, Vela, inayozunguka mara 11 kwa sekunde na kupungua kasi kidogo kidogo, kama kila kitu kinachozunguka. Lakini mwaka 1969 ilionekana imeruka ghafla, ikaongeza kasi kwa sehemu kama mbili za milioni, na imekuwa ikirudia tangu hapo kila baada ya miaka michache. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba visulisuli vya ndani vimenasa kwenye gamba la nyota. Gamba linapungua kasi, vyenyewe haviwezi kupungua kwa sababu havisogei, mzigo unazidi, kisha vinang'oka kwa pamoja na kulipa gamba deni lote kwa mara moja.

Hakuna atakayekwenda Vela kutazama. Lakini mjini Innsbruck, Austria, kundi la Francesca Ferlaino linakoroga wingu la disprosiamu, atomu yenye usumaku mkali, ambayo inaweza kujipanga kama kitu kigumu na bado ikatiririka. Mwaka 2023, pamoja na Waitaliano wa maabara ya Gran Sasso, walionyesha kwa kompyuta kwamba wingu kama hilo likipunguzwa kasi linaruka kama Vela. Mwaka 2024 wakaviona visulisuli vyenyewe ndani yake, kwenye picha.

Kofia yako hii hapa, mzee. Binti wa mbele ameinua mkono tangu nilipotaja Nanyuki, tuanze naye.